Kompyuta Haisikii Unachosema? Soma Hii Kabla ya Kutuma Hesabu ya Chama

Jumamosi moja jioni Shangazi yangu wa Nakuru alinipigia simu. Hakuuliza habari ya kazi wala habari ya Nairobi. Alisema tu, "Mwanangu, hii kompyuta yako imekataa kunisikia."

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14. Kila mwezi huandika ripoti: nani ametoa mchango, nani amelipa mkopo, nani bado. Wiki hiyo alikuwa ameteleza akategua kifundo cha mkono wa kulia. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji, na mkutano ulikuwa kesho yake saa nane mchana. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia, nilipomwachia ile kompyuta yangu ya chuo, kwamba siku hizi si lazima mtu aandike kwa vidole. Unaongea tu, inaandika. Basi alikuwa ameongea hadi koo likakauka, na ukurasa bado mweupe pe.

Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Mwishowe kompyuta ikaandika. Lakini shida kubwa ya usiku huo haikuwa ule ukurasa mweupe. Ilikuja baadaye, wakati kila kitu kilionekana kiko sawa. Tutafika huko. Kwanza tuitengeneze kompyuta yako.

Kumbuka imla

Ukisoma shule ya msingi hapa Kenya, bila shaka unakumbuka imla. Mwalimu anasoma, wewe unaandika. Ukipata sifuri, ilikuwa kwa sababu moja kati ya tatu: hukumsikia mwalimu, hukuelewa lugha, au ulisikia vizuri lakini ukaandika kitu kingine.

Kompyuta inayoandika kwa sauti ni mwanafunzi wa imla. Shida zake ni hizo hizo tatu. Kwa hivyo usianze kubonyeza kila kitu kwa hasira. Angalia kwanza iko kwenye shida gani, maana kila moja ina dawa yake.

Shida ya kwanza: Haiandiki kitu chochote

Hapa mwanafunzi hasikii, au daftari lake halijafunguliwa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke.

*Daftari liko wazi?* Kompyuta haiwezi kuandika hewani. Bonyeza kwanza mahali unapotaka maneno yatokee, mpaka uone kile kimstari kinachowaka na kuzima. Kisha, kama unatumia Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi H. Kama unatumia Google Docs ndani ya Chrome, nenda palipoandikwa "Tools", halafu "Voice typing". Itatokea picha ya maiki. Ibonyeze. Ikiwa nyekundu, inasikiliza. Wenye Mac huwasha huduma hii kwenye "System Settings", kisha "Keyboard", kisha "Dictation".

*Maiki inafanya kazi?* Njia rahisi ya kujua ni kujirekodi. Windows huja na programu ya kurekodi sauti. Kwenye Windows 11 inaitwa Sound Recorder. Sema maneno mawili matatu, halafu jisikilize. Ukijisikia vizuri, maiki ni nzima na shida iko kwingine, ruka hadi kwa ruhusa. Usipojisikia, kagua haya:

- Kompyuta nyingi za ofisini zina kitufe cha kuzima maiki kwenye ile safu ya juu ya F1 hadi F12. Kina picha ya maiki iliyokatwa na mstari. Mtu anaweza kukigusa bila kujua.
- Je, umebandika stika juu ya kamera? Kwenye kompyuta nyingi za kupakata, tundu la maiki liko hapo karibu na kamera, dogo kama la sindano. Huenda umeliziba pia.
- Fungua "Settings", kisha "System", kisha "Sound", utafute sehemu ya "Input". Hapo utaona kompyuta inasikiliza maiki gani. Inawezekana inasubiri sauti kutoka kwa vipokea sauti vya Bluetooth ulivyosahau kwenye mkoba. Chagua maiki unayotumia, uongee, na uangalie kama ule mstari unacheza.
- Kwenye kompyuta kubwa za mezani, kama zile za saiba, mara nyingi kuna matundu mawili: la kijani ni la kusikiliza, la waridi ni la maiki. Ukichomeka vipokea sauti vya simu kwenye la kijani utasikia muziki vizuri kabisa, lakini maiki yake haitafanya kazi.

*Umeipa ruhusa?* Kwenye Windows 11 fungua "Settings", kisha "Privacy & security", kisha "Microphone". Kwenye Windows 10 ni "Privacy" halafu "Microphone". Hakikisha programu zimeruhusiwa kutumia maiki. Ukiwa hapo, angalia pia sehemu inayoitwa "Speech" na uone kama huduma ya kutambua sauti kupitia intaneti imewashwa. Kwa upande wa Chrome, bonyeza ile alama ndogo iliyo kushoto mwa anwani ya ukurasa, uone kama maiki imezuiwa.

Shida ya Shangazi ilikuwa hapa. Chrome ilipomuuliza kama airuhusu kutumia maiki, alibonyeza "Block". Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Si nyinyi watu wa pesa za simu ndio mnatuambia kila siku tusikubali kubali vitu ovyo?"

Na hakukosea. Tabia hiyo ni nzuri, asiiache. Ila kanuni ni hii: kama ni wewe mwenyewe umefungua programu unayoijua, na ni wewe umebonyeza picha ya maiki, basi ombi la ruhusa linalofuata ni la kawaida. Kama ukurasa usioujua umeibuka wenyewe na kutaka maiki yako, bonyeza "Block" bila kufikiria mara mbili.

*Intaneti ipo?* Huduma ya Windows na ile ya Google Docs zote zinahitaji intaneti kuandika unachosema. Bando likiisha katikati ya sentensi, maneno yanakatika hapo hapo. Fungua ukurasa mwingine wowote. Usipofunguka, hiyo si shida ya sauti.

Kama umepita hatua zote na bado kimya, funga programu nyingine zinazotumia maiki, kama zile za mikutano ya video, kisha uzime kompyuta na uiwashe upya. Najua ushauri huu umeusikia mara nyingi. Ni kwa sababu husaidia mara nyingi.

Shida ya pili: Inaandika, lakini ni upuzi

Baada ya kuondoa kile kizuizi cha Chrome, Shangazi alianza kusoma ripoti yake kwa sauti ya kanisani. Nikamwuliza imeandika nini. Kimya kidogo. Kisha akasema, "Imeandika Kizungu ambacho hata Mzungu hawezi kukisoma." Neno "mchango" lilikuwa limegeuka kuwa "much angle".

Mwanafunzi alikuwa anasikia sasa, ila alidhani ni imla ya Kiingereza.

*Chagua lugha kabla ya kuongea.* Kwenye Google Docs, juu ya ile picha ya maiki kuna orodha ya lugha. Tafuta Kiswahili, utakuta cha Kenya na cha Tanzania. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti mwezi wa Agosti 2017, katika kundi la lugha 30 zilizoingizwa kwa pamoja. Kwenye Windows, huduma ya sauti hufuata lugha ya kibodi uliyochagua. Unaibadilisha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Kama lugha unayoitaka haimo kwenye orodha ya Windows, usipigane nayo. Ongea kwenye Google Docs, halafu nakili maandishi uyapeleke unakotaka.

*Usichanganye sana.* Sisi Wakenya tunaanza sentensi kwa Kiswahili, tunaipitisha kwa Kiingereza, na tunaimalizia kwa Sheng. Binadamu anaelewa. Kompyuta uliyoiambia isikilize Kiswahili itajaribu kulazimisha kila neno liwe Kiswahili. Amua lugha moja kwa kila aya. Neno likikataa, liandike kwa mkono uendelee.

Na usidhani una lafudhi mbaya. Programu hizi hujifunza kutokana na rekodi nyingi za watu wakiongea, na rekodi za Kiingereza ni nyingi kuliko za Kiswahili. Ndiyo sababu kuna miradi kama Common Voice ya Mozilla, iliyoanza mwaka wa 2017, ambako watu wa kawaida husoma sentensi kwa sauti ili mashine zijifunze. Kiswahili kimo humo, na yeyote anaweza kuchangia sauti yake.

*Punguza kelele.* Mvua ikipiga mabati, televisheni ikiwa imewashwa, au mtu akisaga na blenda chumba cha pili, maiki inasikia vyote. Funga mlango. Sogea karibu na kompyuta, lakini usipumulie maiki.

*Ongea sentensi nzima.* Wengi wetu mashine ikikosea tunaanza kuongea nayo kama mtoto mdogo: neno. Moja. Moja. Hiyo huharibu zaidi. Programu hutumia maneno ya jirani kukisia lile ambalo haikulisikia vizuri. Ongea kwa mwendo wako wa kawaida, ukamilishe wazo, ndipo upumzike.

*Alama weka mwenyewe.* Kwa Kiingereza unaweza kutamka alama na Google Docs ikaziweka. Kwa Kiswahili, ukisema "nukta" usishangae ukiona imeandika neno nukta. Ongea kwanza, nukta na koma uziweke mwisho.

Shida ya tatu: Imeandika vizuri, lakini si ulichosema

Sasa tumefika. Saa tatu na nusu usiku ripoti ilikuwa imekamilika. Shangazi alinitumia niipitie. Niliipitia juu juu: majina yapo, michango ipo, mikopo ipo, jumla iko chini. Ilipendeza. Nikamwambia, "Iko sawa Shangazi, tuma." Akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama.

Haikupita dakika kumi. Mama mmoja akaandika, mbele ya wote: "Mweka hazina, mimi nimelipa mkopo elfu kumi na tano. Hapa naona 10,005. Hizo zingine zimeenda wapi?"

Unaona kilichotokea? Shangazi alikuwa amesema "elfu kumi na tano". Kwa Kiswahili hiyo inaweza kuwa 15,000, na inaweza kuwa 10,005. Sisi tunajua kwa mazoea, maana hakuna mtu hulipa mkopo wa shilingi elfu kumi na shilingi tano juu. Mashine haina mazoea hayo. Ilichagua moja, ikaiandika safi, na koma ikaweka mahali pake. Shilingi 4,995 zikapotea kwenye karatasi bila mtu kuziiba.

Shangazi alinipigia tena. Safari hii sauti ilikuwa chini. "Miaka tisa nimeshika pesa za watu," akasema, "na sijawahi kuulizwa swali."

Sikuwa na la kujibu. Mimi ndiye niliyesema tuma.

Ukurasa mweupe unakusumbua, lakini haukudanganyi. Upuzi unakuchekesha, unaufuta. Kosa lenye sura ya ukweli ndilo linalopita, kwa sababu hakuna anayelitafuta. Kwa mtu anayeandika mambo ya pesa kwa sauti, iwe ni ripoti ya chama, orodha ya madeni ya duka au ankara ya mteja, haya ndiyo masharti yetu:

1. Maneno kwa sauti, tarakimu kwa vidole. Acha mashine ikuandikie maelezo yote marefu. Ukifika kwenye kiasi, nyamaza, andika mwenyewe. Hata Shangazi mwenye mkono mmoja angeweza kubonyeza 15000 kwa kidole cha kushoto.

2. Kama ni lazima utamke, epuka "na" yenye utata. Badala ya "elfu kumi na tano", taja tarakimu moja moja: moja, tano, sifuri, sifuri, sifuri. Halafu angalia kilichoandikwa. Kuwa makini na sita na tisa, ambazo hata watu wawili kwenye simu huzichanganya.

3. Nambari za simu, paybill, till na kodi za muamala usizitamke kabisa. Nakili kutoka kwa meseji ya muamala na ubandike. Kodi ya muamala ina herufi na tarakimu zilizochanganyika, na tofauti ya herufi O na sifuri inatosha kuifanya isipatikane.

4. Jumlisha upya. Jumla ya chini kwenye ripoti ya Shangazi ilikuwa sahihi, kwa sababu aliisoma kutoka kwa daftari lake. Lakini ukijumlisha zile safu zilizo juu, hazikufika hapo. Tungejumlisha mara moja tu, yeye au mimi, tungelikamata kosa kabla ya kutuma.

5. Linganisha na taarifa yako ya miamala. Kila pesa iliyoingia kwa simu ina meseji yake yenye kiasi, jina, tarehe na saa. Hiyo haikuandikwa kwa kusikiliza sauti ya mtu. Ifungue kando ya ripoti na uende mstari kwa mstari.

6. Kabla ya kutuma pesa, soma jina. Ukinakili nambari ya simu kutoka kwa maandishi yaliyoandikwa kwa sauti, tarakimu moja ikikosewa pesa zinaweza kwenda kwa mtu mwingine. Jina la mpokeaji likitokea, lisome lote kabla ya kuweka PIN. Ukigundua umekosea baada ya kutuma, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, usingoje kesho.

7. PIN haitamkwi. Si kwa kompyuta, si kwa simu, si kwa mtu. Programu nyingi za kuandika kwa sauti hutuma sauti yako kupitia intaneti ili igeuzwe maandishi, na aliye chumba cha pili pia ana masikio. Hakuna ripoti inayohitaji PIN yako. Na akitokea mtu kwenye simu akisema atakusaidia kutengeneza maiki, ila kwanza umpe PIN au uweke programu ya kumwachia kompyuta yako, kata simu. Mwite mtu unayemjua.

Jumapili saa nane

Usiku ule Shangazi hakulala mapema. Alifungua taarifa yake ya miamala kwenye simu, akatafuta malipo ya yule mama, akayapata: 15,000, tarehe, saa na kodi. Akapitia mistari mingine yote 13. Ilikuwa sawa. Kesho yake alienda mkutanoni na bendeji yake, akaomba radhi kabla ya maombi ya kufungua, akasoma marekebisho, na kila mwanachama akaonyeshwa mstari wake na meseji yake. Yule mama aliyeuliza ndiye aliyemsaidia kushika karatasi.

Bado anaandika kwa sauti, hata sasa ambapo mkono umepona. Anasema maneno yanatoka haraka, na mgongo haumuumi. Lakini akifika kwenye pesa, ananyamaza. Nilipomtembelea mwezi uliopita nilimsikia chumbani akisoma, "Mwanachama huyu amelipa mkopo wake wa mwezi, kiasi cha..." Kisha kimya. Kisha nikasikia vitufe: tak, tak, tak, tak, tak.

Aliponituma kupitia ripoti nikajumlisha mara mbili kabla ya kusema tuma.

Kama chama chako kina mweka hazina anayehangaika kuandika kwa vidole, mtumie makala haya. Na ukimwona ametuma ripoti yenye kiasi cha ajabu, kabla hujamuuliza mbele ya kikundi, mpigie simu kwanza. Huenda ni mwanafunzi wa imla tu aliyekosea.